Wageni Waliokuja na Kamba

Juzi jirani yangu hapa Chumbageni alikuja kuniazima kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa na mbuzi wa akika, akataka amfunge uani mpaka asubuhi. Nikamwambia kamba ile haitoki. "Kamba tu hiyo, Mama Fahmi?" akaniuliza, nusu akicheka, nusu akinishangaa. Nikamtafutia kipande cha katani, akakipokea kwa ncha za vidole na kuondoka amenuna, na najua kufikia saa hii mtaa mzima umeshaambiwa kuwa nina choyo hata cha kamba. Waseme. Kamba yenyewe imepauka. Zamani ilikuwa ya rangi ya chungwa yenye nyuzi za buluu, na mpaka leo mvua ikiinyea, kisha jua likatoka, hutoa harufu ya vumbi la mawe. Mwanangu anasema ni pua yangu tu. Huenda. Lakini kila nikiisikia harufu hiyo narudi kwa babu, chini ya jabali, likizo ile niliyodhani watu wamekuja kumfunga shangazi yangu.

Kwetu ni Makorora, na nyinyi wa rika langu mliokulia pale mnaijua likizo ya mtoto wa Makorora: ama unakaa mtaani kuchokoza watoto wa watu, ama unapelekwa shamba. Mimi nilipelekwa shamba. Babu na bibi, wazazi wa baba, walikaa upande wa Amboni, mahali wenyeji walipopaita Ukutani kwa sababu ya jabali la mawe ya chokaa lililosimama wima nyuma ya minazi yao. Wazee wa babu walitoka Omani, shamba lile alilirithi, na jabali alilihesabu kuwa hasara maana halioti kitu. Sisi watoto tulilipenda kwa popo wake na mwangwi wake. Ukisimama chini ukaita jina lako, jabali linakurudishia. Bibi alitukataza mchezo huo. Kwake yeye kuita hakukuwa mchezo. Ukiitwa unaitika, "Abee" kama ni msichana, "Naam" kama ni mvulana, hata kama una tonge mkononi. Aliyeitwa akanyamaza alikula kofi kwanza, maelezo baadaye.

Likizo ile nilimkuta Shangazi Zuhura, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa Moa. Nikafurahi, nikadhani na yeye yuko likizo. Kumbe alikuwa amesusa. Watu wazima wenzangu mnajua kususa: mke akichoka anakusanya nguo zake na kurudi kwa wazazi, kisha anangoja mume aje na wazee wake kumfuata, yasemwe yaishe, arudi. Mimi sikuelezwa. Nilichoona ni kwamba shangazi aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu sasa alikuwa akifagia ua, akimaliza anaufagia tena ua uleule. Na nilichosikia ni bibi akimwambia jikoni, "Hakupigi, hakunyimi chakula, hana mwanamke wa nje. Wataka niwaambie nini watu wa Moa wakija kukuchukua?" Shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikuna mpaka tui likawa litatoka na vipande vya kifuu.

Nililibeba neno hilo siku nzima. Kumchukua vipi? Mtu mzima anachukuliwaje, kama gunia? Nikamwuliza bibi hao watu wa Moa wanakuja lini. "Wakija wataonekana," akasema. "Na wewe ukiona watu usiowajua usianze kubwabwaja. Shangazi yako asiitwe mpaka babu yako awepo." Nikakubali kwa kichwa, lakini nilishaanza kuwachora kichwani watu hao. Niliwapa mapanga. Baadaye nikaona mapanga yamezidi, nikawapa kamba.

Basi fikirieni siku niliyowaona. Babu alikuwa mjini, mie niko kwenye njia ya jabali natafuta korosho zilizodondoka, mara nasikia vyuma vinagongana. Watu watatu wakatokea kwenye minazi: kijana mmoja mweusi mwembamba, mwanamke wa Kizungu aliyekatwa nywele fupi, na mwanamume wa Kizungu mwenye ndevu hadi kifuani. Migongoni wana mizigo mikubwa kupita vichwa vyao. Begani kwa yule kijana ilikuwa kamba, kamba kubwa ya rangi ya chungwa iliyokunjwa vizuri, na viunoni mwa wote watatu zilining'inia pingu. Sikuwa nimeziona pingu kwa karibu, ila nilijua ni za chuma, ni za mviringo, zinafunga na kufunguka. Hizi zilikuwa nyingi ajabu. Nikawaza, kwa shangazi mmoja, za nini zote hizi?

Nikawaamkia. Hata aliyekuja kumkamata shangazi yako ana haki ya shikamoo.

"Marahaba, mdogo wangu, mambo?" akasema yule kijana. Aliongea Kiswahili cha bara. Jina lake Elia, mtu wa upande wa Moshi, anapandisha watu milimani. "Tunatafuta sehemu ya kulala karibu na huu mwamba. Sehemu tambarare, yenye maji jirani. Unapajua?"

"Mwataka kulala siku ngapi?"

"Mpaka tumalize kazi yetu."

Nikajua kazi yao. Nikajua pia kwamba wakienda moja kwa moja mbele watatokea uani kwetu, na shangazi yuko pale na ufagio wake. Nikawaambia njia ni hii, nikawapeleka upande mwingine.

Sijawahi kutembeza watu kama siku ile. Kwanza niliwapeleka mdomoni mwa pango lililo ubavuni mwa jabali. Pale palikuwa tambarare kweli, na yule mwanamke, Marta, akaachia mzigo chini akafurahi. Lakini pangoni palikuwa na vyetezo vya ubani, chupa za marashi na vitambaa vilivyofungwa kwenye mawe, watu huenda pale kuweka nadhiri zao. Marta akamwuliza Elia jambo, Elia akaniuliza mimi. "Hapa pana wenyewe," nikasema, na nikaona Elia anavyorudi nyuma kwa adabu, anaushika mkono wa Marta aliyetaka kugusa chupa. Nikashangaa. Sikutegemea wakamataji wawe na adabu.

Kisha nikawapeleka mtoni. Mbu walitupokea. Yule mwenye ndevu akatazama matope, akatazama alama ya kitu kizito kilichoburuzwa, akaniuliza kwa ishara ya mikono miwili inayofunguka na kufumba: mamba? Nikaitika kwa kichwa, ingawa nijuavyo mimi ulikuwa mtumbwi. Kutoka hapo nikawatia kwenye mkonge uliotelekezwa, ambako pa kuketi hapana seuze pa kulala. Walichomwa, wakacheka. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa nimechoka kuliko wao, lakini udadisi ulikuwa umenishika na sikutaka waondoke. Nikamwuliza Elia ndani ya mizigo mna nini. Akasema, "Nyumba." Nikamwambia aache uongo. Akafungua zipu, akatoa kitambaa laini cha kijani, akanipa nishike kona. Nyumba ya mtu mzima na mkewe, inaingia kwenye mfuko! Nilipiga makofi kwa mshangao mpaka wote wakatabasamu.

Nikapata moyo wa kuuliza la pingu. Sikulitaja kwa jina lake, nilinyoosha kidole tu. Marta akachomoa moja kiunoni, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyepesi. Akanionyesha kubonyeza kwa kidole gumba, ikafunguka, nikaachia, ikajifunga. Nikafungua tena. Haikuwa na ufunguo. Nilikaa nalo jambo hilo, nafungua nafunga, kwa sababu pingu ambayo mtoto anaweza kuifungua mwenyewe ni pingu ya namna gani?

Hapo ndipo niliposikia sauti. "Rukiaaa!" Shangazi Zuhura ananitafuta. Jabali likarudisha jina langu. "Rukiaaa! We Rukia!"

Maisha yangu yote sikuwahi kuitwa nikanyamaza. "Abee" ilishanifika ulimini. Lakini nikiitika atakuja, na akija wataona, na sikuwa bado na hakika na zile pete za chuma. Nikafumba mdomo. Elia akanitazama, akasema, "Si wewe unaitwa?" Nikatikisa kichwa kukataa. Shangazi aliita tena, sasa sauti imepanda, na nikaitambua hofu ndani yake, kisha akaacha kuita na nikasikia majani yanavunjika kwa mbio.

Akatokea kwenye mkonge, kanga imeshikwa na miiba, miguu inatoka damu. Wageni hata hakuwaona. "Nimekuita," akaniambia. "Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

Nilingoja kofi. Halikuja. Shangazi aliketi chini palepale kwenye vumbi, akaweka mikono magotini, akalia. "Usinifanyie hivyo," akasema. "Na wewe usinifanyie hivyo, Rukia." Sikuelewa hiyo "na wewe" inamhusu nani mwingine. Nilimshika shingo nikalia naye, na katikati ya kilio nikamwambia kila kitu, watu wa Moa, kamba, pingu. Elia alisikia yote. Nashukuru mpaka leo hakucheka. Alisema tu, "Shikamoo dada. Sisi si watu wa Moa. Tumekuja kupanda huu mwamba, na hizi ni pete za kunasia kamba. Unajulikana sana kwa wapandaji, watu wanatoka mbali kuufuata." Shangazi akageuza uso akalitazama jabali lile alilozaliwa chini yake, kama ndiyo kwanza anaambiwa lipo. "Huu?" akauliza. "Kuupanda mfike wapi?"

"Juu."

"Halafu?"

"Halafu tunashuka."

Na ndipo nilipomsikia shangazi akicheka, mara ya kwanza likizo ile, na machozi yake bado mashavuni.

Nyumbani vita ilikuwa nyingine. Bibi aliposikia wageni wanataka kulala nje ya nyumba alishika kiuno. "Walale nje, wamefukuzwa?" Akaamuru vitanda vya sebuleni vitandikwe, vyandarua vitolewe sandukuni, na wageni wakaketi kwenye makochi na mizigo yao, wamepewa madafu, wanatazamana. Elia alieleza kwamba hawa watu wamesafiri makusudi ili walale hemani. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekusikia baba, lakini kesho majirani watasema wageni wa kina fulani wamelala chini kama mbuzi. Mie nitaificha wapi sura yangu?" Babu alirudi kutoka mjini, akaelezwa, akajikuna kidevu na kuomba chai.

Shangazi ndiye aliyepata njia. Nyuma ya jiko kulikuwa na sakafu ya zamani ya saruji ya kukaushia mbata, tambarare, safi, kisima kiko karibu, na ukiketi pale jabali lote liko mbele yako. "Mama," akasema, "pale si nje. Pale ni uani kwetu." Bibi akaipima kauli hiyo. Ua ni sehemu ya nyumba, hilo hata majirani hawawezi kulipinga. Akakubali, ila kwa sharti kwamba kila hema litandikwe mkeka wake na uturi unyunyizwe. Basi wapandaji wale walilala kwenye mahema yanayonukia harusi. Bwana Ndevu, maana jina lake halisi bibi alilishindwa, alipiga chafya mpaka alfajiri.

Siku zilizofuata mimi na shangazi tulihamia chini ya jabali. Ufagio aliuacha ukutani. Nilikuwa najiuliza mambo elfu: kwa nini wanajipaka unga mweupe viganjani, unga huo unaliwa, nani aliwatuma. Shangazi alikuwa na swali moja tu. Marta alipanda, akisogea mkono baada ya mkono, na kamba ikishuka kutoka kiunoni mwake mpaka kwa mumewe, yule mwenye ndevu, aliyesimama chini. Kabla ya kuanza, Marta alisema neno, na mumewe akajibu. Akifika mahali pagumu alilisema tena, bila kutazama chini, na mumewe akajibu tena. Mume yule hakufukuza hata nzi, hakugeuza kichwa, na chai aliyoletewa ilipoa. Ila akiitwa, anaitika papo hapo.

"Wasemezana nini?" shangazi akamwuliza Elia.

"Dada anauliza, 'Umenishika?' Kaka anajibu, 'Nimekushika.'"

"Kila mara?"

"Kila mara. Asipojibiwa hapandi."

Mara Marta akateleza. Nilipiga ukelele nikaficha uso kwenye kanga ya shangazi. Nilipochungulia, alikuwa ananing'inia, anazunguka taratibu hewani na anacheka, na mumewe chini kaegemea nyuma, kaishika kamba kwa mikono yote. Nilimtazama shangazi nipate kucheka naye. Hakuwa akimtazama Marta. Alikuwa akimtazama yule mwanamume, kwa muda mrefu, na midomo yake ilikuwa ikilirudia lile neno bila sauti.

Watu halisi wa Moa walikuja Ijumaa baada ya swala. Hawakuwa na kamba. Walikuwa na kofia safi na kikapu cha samaki wakavu, na Athumani, mume wa shangazi, alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Alikuwa mzuri wa sura, sina budi kusema. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la kahawa. Mjomba wake akaongea kwa upole, kwamba wamekuja kuomba, kama kuna kosa waambiwe, mke arudi nyumbani kwake. Bibi alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali. Babu akamgeukia shangazi, aliyeketi mkekani kajifunika, akamwambia, "Sema, mwanangu. Kosa lake ni lipi?"

Najua sasa kwa nini alinyamaza siku zote zile. Hapakuwa na jeraha la kuonyesha. Alikuwa na jambo moja, na jambo lenyewe ukilitamka barazani linaonekana dogo.

"Nina swali, si kosa," akasema. Akainua uso akamtazama mumewe. "Nikiita, utaitika?"

Athumani akamtazama mjomba wake. "Swali gani hilo? Kwani nimekunyima nini?"

"Sikuulizi ulichoninyima. Nilipokuwa na homa nilikuita unipe maji. Ulikuwa barazani na wenzako, dirisha liko wazi. Nikakusikia ukiwaambia, 'Mwacheni, atanyamaza.' Nikanyamaza kweli. Sasa nakuuliza mbele ya wazazi wetu. Nikiita, utaitika?"

Mjomba akaanza kusema kwamba mambo ya homa ni ya kusameheana. Babu akainua mkono. "Hukuulizwa wewe," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ameulizwa mumewe."

Tukangoja. Athumani alikoroga kahawa, na kahawa yetu haitiwi sukari. Akatabasamu kidogo, akatazama mlango, akatazama kofia yake. Kutoka kwenye jabali ilikuja sauti ya Marta, mbali, ikiuliza neno lake, na sauti ya mumewe ikaifuata hapohapo. Athumani bado alikuwa akikoroga. Babu akavuta pumzi. "Basi," akasema, "mwanangu amesikia jibu."

Waliondoka bila yeye, na talaka ilikuja baadaye kwa njia zake. Sitaki kusema ilikuwa furaha tupu. Bibi alilia kwa aibu, akakaa siku kadhaa bila kumsemesha mwanawe, akiwasiliana naye kupitia kwangu ingawa wameketi jiko moja. Kisha asubuhi moja mkono wake ukashindwa kuteremsha sufuria ya uji, akasahau hasira, akaita, "Zuhura!" Na "Abee mama" ikatoka haraka mpaka bibi mwenyewe akageuza uso kupangusa macho. Shangazi hakuolewa tena. Wapandaji waliendelea kuja mwaka baada ya mwaka, wakiambiana wenyewe kwa wenyewe, na sakafu ya mbata ikawa kambi aliyoiendesha shangazi, mikeka na uturi vilevile.

Lakini ninachokumbuka nikisikia ile harufu ni siku moja kabla Elia na wenzake hawajaondoka na kutuachia kipande cha kamba. Niliomba nipande. Elia alinifunga mkanda kiunoni, akanionyesha mahali pafupi palipolala kidogo, na kamba akampa shangazi aishike, yeye mwenyewe akasimama nyuma, mikono yake juu ya mikono ya shangazi. Nikapanda nikijiona mwanamke wa dunia. Nikafika usawa wa paa la jiko, nikafanya kosa la kutazama chini, nikalikumbatia jabali kwa mikono yote miwili. Lile neno la wapandaji likanipotea kabisa. Nikaita nilichojua kuita.

"Shangazi!"

Kwetu mkubwa akiitwa na mtoto husema "Ee", au "Wataka nini", au hasemi kitu. Abee ni ya mdogo kwa mkubwa, hata jabali linajua.

"Abee!" shangazi akaitika, hata jina lake halijaisha kinywani mwangu. "Abee, mwanangu. Nimekushika."